Tisa kwa Saba

Tuko kumi na wanne, na Mama wa kumi na tano,
maana yeye hajihesabu mpaka wote wameshakula.
Mwezi mzima Ulaya. Tiketi wamelipa wao:
Feruzi wa Antwerpeni, Zaituni wa Malmo,
na Asukulu, aliyekwenda Lioni kwa mwaka mmoja
na huu ni wa kumi na tisa.
Swali limebaki moja: tufikie wapi?

Daftari ninalo mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.
Feruzi: ghorofa ya nne, lifti hakuna,
na magoti ya Mama yanalalamika hata kwenye kizingiti.
Zaituni: chumba na sebule,
jirani wa chini hugonga dari kwa ufagio mtoto akikimbia.
Asukulu anasema njooni tu, tutabanana,
neno la mtu ambaye hajawahi kupikia watu kumi na watano.

Mama, akichambua dagaa kwenye ungo,
anamuuliza kila mmoja kwa simu:
"Ukimaliza kula, maji ya kunawa unayamwaga wapi?"
Kwenye sinki, Mama. Yanaondoka yenyewe.
"Hee," anasema. "Na udongo wenu unakunywa nini?"

Jumamosi Shukurani, mwanangu, fundi matofali wa Buzebazeba,
alikuja na tepe na ndoo ya majivu.
Kuna nyumba ya kupanga ameipata. Mita tisa kwa saba.
"Mnabishana na namba," alisema. "Namba haina mbavu."
Akaichora yote kwenye ua wetu hapa Rusimbi:
chumba, chumba, chumba,
choo ambacho ukigeuka umetoka.
Jiko likaangukia penye jiwe la kusagia,
dirisha likatazama banda la bata.

Tukaingia. Kwa mlangoni, alisisitiza, msiruke kuta.
Tukatandika mikeka, tukajilaza mchana kweupe
kuijaribu Ulaya.
Miguu ya Bilombele ilitokea nje hadi magotini.
Mapacha walikosa pa kulala, wakapewa jiko.
Mama Sikujua akachungulia kutoka kwake:
"Jamani, kuna msiba?"
Hapana, kuna safari.
"Mbona mmelala kama mizigo bandarini?"
Tulicheka mpaka majivu yakatuingia puani.

Mama hakulala. Alikaa ukumbini, miguu ameinyoosha,
akiangalia upande wa ziwa.
Mvua ya juzi ilikuwa imeisuuza milima ya Kongo,
ungedhani unaweza kuiazima.
"Hapa ni kwa nani?" akauliza.
Kwa nani vipi?
"Nyumba hii. Ya Feruzi, ya Zaituni, au ya Asukulu?"
Shukurani akasema ni ya mtu baki, katikati ya Ujerumani,
treni zinapita, wote watatu wanaweza kufika.
Mji unaitwa Kaseli.
"Kasele? Si yule Mnyamwezi wa Kaliua
aliyekuwa akituuzia asali?"
Kicheko tena. Yeye hakucheka nasi.

"Nikifikia kwa Feruzi, Zaituni atasema nilimzaa Feruzi peke yake.
Nikilala kwa Zaituni, Asukulu ataniletea zawadi
badala ya kuniletea uso.
Twendeni kwa huyo muuza asali.
Waje wao, wabishe hodi,
na wa kuwaitikia niwe mimi."

Nikaandika: Kaseli. Tisa kwa saba.
Unga wa muhogo, kilo thelathini.
Mawese, kama watayaruhusu uwanja wa ndege.
Nikapiga mstari wa kumalizia,
kisha chini yake nikaongeza: beseni la kunawia.

Leo siku ya nne. Mvua haijarudi, majivu bado yapo.
Hakuna aliyetuamuru, lakini tunaingilia mlangoni.
Jana usiku nilimwona Mama akitoka msalani.
Alifika ukutani, akasimama,
akazunguka taratibu hadi penye mlango,
akainama kidogo
kama mtu anayeingia nyumba ya watu.
Bata walikuwa wamelala sebuleni.
Aliwapisha.