Vitundu vya Pijo

Mvua ya kwanza ilipiga Nkuhungu usiku wa Jumanne,
nusu saa tu, mvua ya kuonjesha udongo,
na asubuhi nikaingia garini na viatu vya kazini
nikakanyaga bwawa.

Pijo 504 ya marehemu baba, rangi ya maziwa mgando,
imelala chini ya mwarobaini tangu Mei.
Nikawasha. Ikakohoa, ikakubali.
Nilipokata kona ya kwenda Mnadani
mlango wa kushoto ukasukasuka
kama kibuyu cha bibi akitafuta siagi.

Miezi minane tunapanga ndoo bombani,
tunahesabu mawingu yanayopita kwenda kwa wenzetu,
na wewe, mzee wa bati,
una maji mbavuni na umenyamaza!

Fundi Ndahani hakugusa boneti.
Aliomba kigoda, kikombe na jagi la maji.
"Usiulize yalikoingia," alisema,
"uliza yalikokatazwa kutoka."
Akavuta dirisha la paa, akanionyesha mfereji mwembamba,
na kila pembeni kitundu kisichozidi punje ya mahindi.
Vinne. Mirija yake hushuka ndani ya nguzo:
miwili ya mbele hutokea kwenye bawaba za milango,
ya nyuma hutokea kisogoni mwa magurudumu.
Gari lilizaliwa likiijua mvua.
Sisi ndio tuliolisahaulisha.

Mbele kulia: maji yalizunguka, yakafikiri, yakashuka.
Tukasikia mchangani, to, to.
Nyuma kulia: polepole, kama mtu anayedaiwa.
Nyuma kushoto yalisimama, yakatutazama.

Nikataka kukimbilia kompresa ya jirani aziba pancha.
"Ukipuliza kwa nguvu mrija unachomoka huko ndani,
utaupata kwa kupasua nguzo.
Lete waya wa breki za baiskeli."

Waya, ncha imekunjwa isije ikatoboa,
tukausukuma kwa vidole viwili, tukiupindapinda.
Yakatoka majani ya mwarobaini yaliyokwisha kuwa ugoro,
mabawa ya kumbikumbi,
kokwa moja ya zabibu,
na vumbi jekundu lililoiva hadi likafaa kufinyangia chungu.

Mbele kushoto ukagoma.
Waya uligonga kitu kisicho jiwe wala jani.
Ndahani akalala chali chini ya bawaba, tochi mdomoni,
akakwangua kwa spoku, muda mrefu,
akaniwekea kiganjani donge jeusi:
nta ya nyuki na pamba,
na juu yake alama ya kidole gumba, kipana.
"Hii si taka," alisema. "Hapa pamezibwa."

Barabara ya Kondoa, kabla ya lami.
Mama kiti cha mbele kushoto, na kifua chake,
leso mdomoni, vumbi likiingia bila hodi.
Baba anasimamisha gari, anazunguka upande wake,
anapapasa bawaba, anarudi na vidole vinavyonata.
"Haya, twende."
Nilikuwa nyuma na mdogo wangu, tunagombea dirisha.
Sikuuliza alikuwa anafanya nini.
Na nani anawaza mvua
mwezi wa Agosti, njia ya Kondoa?

Nilimpigia mama, yuko Kongwa kwa dada.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Lile gari bado linanukia asali?"
Linanuka zulia bovu, mama.

Chini ya mlango wake bisibisi ilipenya bati
kama ugali wa jana. Hapo ni kuchomelea,
mwisho wa mwezi, Mungu akipenda.
Ndahani alichukua elfu kumi na tano na soda baridi.
Donge nimeliweka kwenye kisahani cha majivu;
sijui nalitunzia nini.

Ijumaa mvua ikarudi, hii yenyewe.
Nikaenda kukaa garini, sijawasha chochote.
Kulia, to. Nyuma, to, to, to.
Kushoto kimya.
Kimya bado. Nikainua miguu
nikaiweka juu ya kiti kama mtoto,
ndipo nikaisikia,
imechelewa kidogo,
inashuka ndani ya nguzo, kando ya kiti cha mama.