Nusu Saa ya Jumatano

Kidonge nimekimeza saa kumi na mbili na dakika tano,
kwa glasi nzima ya maji, baridi ya kung'oa meno.
Sasa ni kusimama. Nusu saa.
Nisilale, nisiiname, nisile, nisionje kahawa.
Nayo kahawa ipo pale birikani, inanukia
kama mtu aniitaye kwa jina la utotoni.

Nasimama dirishani.
Vardø bado usiku. Jua tuliliaga Novemba,
halijatuma hata salamu.
Chini, Oddvar anamwaga mchanga kwenye ngazi za kanisa,
kidogo kidogo, kama atiaye chumvi mchuzini,
na taa ya barabara inaonyesha palipo na barafu,
yaani kote.

Miaka thelathini na mmoja nilipeleka barua mji huu.
Nimeanguka mara ngapi? Nani alihesabu.
Nilikuwa naanguka, nakung'uta theluji makalioni,
naokota bahasha, natukana kidogo, naenda.

Kule Kirkenes walinilaza juu ya meza,
mashine ikapita juu yangu polepole
kama mtu anayepiga pasi shuka ya kuazima.
Haikuuma. Kisha daktari, binti mdogo, Synnøve,
akanigeuzia kioo: mgongo wangu, nyonga yangu,
rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.
"Hasi mbili nukta tisa," akasema.
Nikamuuliza kama hiyo ni baridi ya nje.
Alicheka kwanza, ndipo akanishika mkono.

Samaki nimekula maisha yangu yote.
Kijiko cha mafuta ya ini kila asubuhi ya kiza,
mama akitubana pua, mmoja mmoja, watoto sita.
Deni hili nililipa mapema.
Nani kalila?

Na sentimita nne zimekwenda wapi?
Sikuziuza. Sikumpa mtu.
Ila rafu ya juu imenihama,
na koti langu la bluu limeanza kusalimiana na viatu.

Dakika kumi na nne.

Dada yangu Ingebjørg hakuteleza.
Watu husema aliteleza, kwa kuwa ndivyo watu husema.
Sakafu ilikuwa kavu. Alinyoosha mkono achukue kikombe,
nikasikia kitu kama kijiti cha kuwashia jiko.
Mfupa ulivunjika kwanza,
ndipo yeye akaanguka.
Sijamwambia mtu hili, hata Synnøve,
aliyeniuliza mara mbili kama kuna mwingine katika ukoo.

Kamba hukatikia pembamba.
Pembamba pangu pamepimwa, pameandikwa, pana namba.
Afadhali? Sijui. Usiku nageuka kitandani
kwa adabu, kama mgeni.
Mjukuu wangu Jostein, mwenye mikono ya kuvuta nyavu,
siku hizi ananikumbatia kama amebeba trei ya mayai.
Nilimwambia: kaza.
Akakaza nusu.

Chini pale Oddvar ameteleza.
Mguu mmoja umekwenda, ndoo imeruka,
akadaka chuma cha ngazi, akaning'inia, akasimama.
Kisha akatazama huku na huku
kama mwizi wa tufaha, nani kaniona.
Mimi. Nikapunga mkono.
Akavua kofia, mzee wa miaka sabini na tisa,
akainama kama mwigizaji mwisho wa mchezo,
na mimi nikacheka peke yangu jikoni,
nimesimama wima, kama nilivyoagizwa.

Saa imepita nusu kwa dakika tano, na moja zaidi.
Kahawa imepoa. Nimeinywa hivyo hivyo.
Nimeketi, nimefunga miiba ya chuma chini ya viatu,
kushoto, halafu kulia, na kuvuta kila kamba mara mbili.
Nashuka kumwambia Oddvar
amesahau kidato cha tatu, upande wa ukuta,
ambapo mfereji wa paa unavuja.
Kilinibwaga Machi ya mwaka themanini na nne,
na mfuko mzima wa barua.
Hajui. Hakuwahi kuwa posta.
Nitashika chuma.
Ndoo abebe yeye.