Kopo la Karanga

Wamesoma wasifu wako ukumbini, Wakili Ndahani:
miaka thelathini na moja, vyeo vitatu,
sasa kiti cha chama.
Makofi. Mimi karani wako nilikaa nyuma,
joho lako mapajani, pindo bado na vumbi la Bahi.

Hawakulitaja kopo.
Mzee Chilewa alikulipa karanga, kesi ya kwanza,
ukashindwa. Shamba likaenda.
Kopo ukalibakiza mezani, ukatia kalamu,
na kila kijana anayeingia na tai mpya
unamwambia: "Ramani isome mara mbili."

Leo, kabla picha hazijapigwa,
umeniinamia, bendi imepinda shingoni:
"Masinga, yule mjane wa Kigwe,
Jumanne ni saa tatu au saa nne?"

Saa tatu, Mwenyekiti.
Nimeshajaza mafuta.