Misimu Yote

Senti moja, kichwa chini,
naichomeka kwenye mfereji wa tairi la mbele kushoto.
Paji la uso la rais linaonekana lote,
na nywele zake zote.
Rais ana nywele. Tairi langu halina.

Ni mwisho wa Oktoba, Duluth, Minnesota,
mji uliotandazwa juu ya mteremko
kana kwamba waliouanzisha walikuwa na ugomvi na breki.
Juu nyumba, chini ziwa, katikati taa za barabarani.
Ukishindwa kusimama Mtaa wa Tatu
utasimama Mtaa wa Pili, mlangoni mwa mtu.

Siku za kazi naendesha basi la shule, la njano,
watoto arobaini na wanne, glovu zilizopotewa na pacha wake.
Basi halina makuu. Huenda kama ng'ombe aliyeshiba.
Lakini uani kwangu limelala jingine:
sedani ya buluu, milango minne, turbo,
limeshapita mikono mitatu kabla ya yangu,
mikwaruzo miwili, deni la miezi kumi na tisa.
Mke wangu Jorunn huliita "yule mtoto wako,"
na hasemi kwa upendo.

Hela nimezihesabu mara tatu, hazikuzaa.
Mia tano na arobaini.

Dukani kwa Arvid Niskanen harufu ya mpira mpya
inakupokea kabla ya salamu.
Matairi yamening'inia ukutani, bangili za jitu.
Anagonga la kwanza kwa ngumi: dola mia mbili na kumi, moja.
"Hili linashika kona kama kupe.
Ila baridi ikikaza, linakuwa ukuni."
La pili, sitini tu, jina sijapata kulisikia.
"Litakupeleka. Kukusimamisha, hiyo ni habari nyingine."
Pembeni kuna rundo la mtumba.
Nainama, nasoma tarakimu nne za ubavuni,
juma na mwaka wa kuzaliwa:
rika la binti yangu, naye yuko darasa la saba.
Nayarudisha taratibu, kama mtu aliyefungua
barua isiyo yake.

"Basi chukua haya. Misimu yote, na mbio kidogo.
Yamekaa ghalani tangu mwaka jana, nakuachia mia na ishirini."
"Misimu yote? Hata Februari?"
Arvid anacheka mpaka anakohoa.
"Lowell, hakuna kitu cha misimu yote.
Mimi mwenyewe Februari sifai.
Haya yanajua kidogo kidogo cha kila jambo, kama mkwe mwema.
Kwani unaendesha wapi hasa?"

Nyumbani, nasema. Karakana ya mabasi. Sokoni.
Sikutaja barabara ya ufukweni, kaskazini,
Jumapili kabla watu hawajaamka:
maili ishirini za kona na misonobari,
gia ya tatu, gia ya nne, dirisha wazi,
hakuna anayepiga kengele ashuke.
"Na Jumapili?" anauliza Arvid,
akiwa ameshageuka kutafuta jeki.

Kuyafunga na kuyasawazisha, hamsini na sita.
Nikabaki na dola nne, na ile senti.

Tarehe tisa Novemba, theluji ya kwanza, ile laini ya uongo.
Tunateremka kwenda kanisani,
Jorunn amepakata sufuria ya viazi.
Taa inageuka. Nakanyaga.
Kwanza gari linafikiri.
Tairi linapapasa, linateleza kidogo,
upana wa kiganja,
halafu linauma.

Kimya. Vipangusio vinakwenda, vinarudi.
"Ulisema shilingi ngapi vile?"
"Mia na ishirini. Moja."
Jorunn anafunua sufuria, anachungulia viazi,
anafunika.
Taa bado nyekundu.