Sanduku la Machi

Risasi ya sita haikusema paa.
Ilisema puh,
kama mtu anayezima mshumaa kwa adabu.

Nikaondoa kidole kwenye triga.
Mtutu ulibaki umeelekea kilima cha udongo,
upepo wa Montana ukiniuma masikio.
Usifyatue tena, Lorna.
Ndivyo baba alivyonifunza nikiwa na pengo la meno ya mbele:
hesabu hadi thelathini,
kimya kina mshindo wake.

Nikahesabu. Nikachomoa magazini, nikavuta slaidi,
nikautenga mtutu, nikauinua mbele ya mawingu.
Hakuna mwanga.
Risasi imekaa humo katikati,
neno lililokwama kooni.

Na dalili zilikuwepo.
Ya pili iligonga mdomo wa chemba, ikainamisha kichwa, ikagoma.
Ya nne ilikuwa imevimba kiunoni.
Nililaumu springi. Nililaumu baridi, na mafuta yaliyoganda.
Nani angemlaumu Orval Skaarland,
miaka arobaini akijaza risasi zake bandani,
redio ikinong'ona bei ya ngano,
mizani yake ikiujua uzito wa unywele?

Usiku nikazivunja zote, moja moja,
nikamimina baruti kwenye kisahani cha shaba.
Sanduku la Januari: sawa, sawa, sawa.
Februari: moja pungufu.
Machi, mwandiko wake umepanda mlima kwenye kibandiko.
Ganda tupu.
Ganda tupu.
Kisha moja lenye vipimo viwili,
lile ambalo lingenipasulia bastola kiganjani.

Machi ndiyo aliyotuuliza mama yuko wapi,
mama wa kaburi la miaka sita,
na Einar akasema, mzee amechoka tu,
nami nikakubali, kwa sababu kulikuwa na theluji ya kukoleza
na kukubali kulikuwa kwepesi.

Jumapili nikaenda kumwona kule Havre.
Chumba kinanuka supu na sabuni.
Alikuwa amefunga vifungo vya shati kwa kuruka kimoja.
"Zinapiga vizuri?" akauliza.
"Zinapiga vizuri, baba."

Akavuta mkono wangu, akaugeuza chini ya taa,
halafu na wa pili,
akaanza kuhesabu vidole,
polepole, kama mtu anayekagua kazi yake.
Alipofika saba akapotea.
Akaanza upya.