Timazi

Baba, Fundi Sufiani wa Pangani,
alikuwa na timazi ya uzi wa nyavu
na ratili ya shaba iliyokosa mizani yake.

Mwiko ukigonga ndoo mara mbili
tulijua ameshaswali alfajiri
na madaftari yetu ameyakagua,
yeye asiyejua kusoma.
Alitazama mistari tu:
“Hapa umepinda, mwanangu.”

Akitajiwa ule msemo wa ufa na ukuta
hucheka: “Mkiziba nyufa zote, wanangu watakula nini?”
Kisha huziba. Kwa mjane Mwanamkuu
ujira ulikuwa fungu la dagaa na dua;
dagaa akawarudisha, dua akabaki nayo.

Mihrabu ya msikiti wetu aliibomoa mara tatu
kwa kosa la unene wa kidole.
“Nani ataona?” waliuliza.
Akaelekeza mwiko juu,
chokaa ikamdondokea jichoni.

Nyumba yetu yenyewe, upande wa jikoni,
haijapigwa lipu hadi leo.
Mama alinung'unika miaka kumi na tisa
huku akitundika kawa na ungo kwenye matofali hayo.

Siku ya maziko, wanawake hatukutoka.
Nikamtilia kaka Nyange timazi mfukoni.
Aliporudi, udongo ungali kuchani,
sikumuuliza walikuja wangapi
wala nani alisoma talakini.
“Ukuta wa mwanandani?”
“Umenyooka.”

Jikoni, mama alikuwa amebandika kiganja
kwenye tofali lisilo na lipu,
akimgombeza kwa sauti ndogo
kama mume aliyekwenda kununua saruji
na kuchelewa kurudi.