Majani ya Chuma

Nilikata paa. Nikakata milango, viti vya nyuma,
na boneti ya mbele iliyoliwa na kutu.
Watu wa Katuba walikuja kutazama Koksineli ya marehemu baba
ikibaki mbavu na magurudumu.
Watoto wakaiita Panzi.
Panzi jina tu. Haikuruka, iligonga.

Kila jiwe la njia ya Kafubu lilipanda moja kwa moja
toka tairi hadi usukani, toka usukani hadi meno.
Jumapili ya kwanza nilimpakia mama,
jembe lake na ndoo ya mbegu.
Tulipofika shambani mbegu zilikuwa nusu ndoo.
Akashuka, akashika kiuno, akaliangalia gari
kama mtu anavyomwangalia mkwe aliyemtukana mbele za watu:
"Hii motoka haitembeake, mwana. Inapigaka bantu."

Nikapunguza upepo kwenye matairi ya mbele.
Likalainika kama mlevi:
nalielekeza kulia, linaenda kufikiri kwanza.
Nikarudisha upepo.

Ndipo nikamwita Tshinyama, aliyestaafu karakana ya reli
na bado ananusa boliti kabla ya kuigusa.
Akakanyaga pua ya gari kwa mguu mmoja,
kisha miwili, kisha akasimama juu yake mzima,
kilo tisini na koti la mvua.
Pua haikushuka hata unene wa kidole.
"Chuma hiki kinangoja mzigo," akasema.
"Wewe umekuja mikono mitupu."

Tukalala chini. Na huko chini nikamkuta baba.

Koili mbili amezivisha amotiseri za mbele,
amezikaza kwa boliti za kitanda chetu cha zamani,
rangi ya kijani bado iko kwenye vichwa.
Nikakumbuka mwaka ule tulipolala kwenye mkeka
tukaambiwa kitanda kimepelekwa kwa fundi.
Mwaka wa makala.
Magunia mawili puani, manne nyuma, moja juu ya paa,
na mimi katikati, mweusi mpaka kope,
nikipelekwa kulipa karo na vumbi la karo hiyo hiyo mwilini.

Tukatoa koili. Bado ngumu.
Tukafungua bomba.
Mle ndani majani ya chuma yamelaliana, membamba, marefu,
katika grisi iliyonizidi umri.
Nilikwisha kamata mawili niyavute niyatupe.
Tshinyama akanishika mkono.

"Huondoi hivyo. Tundu ni la mraba.
Ukiacha nafasi, yaliyobaki yatacheza,
yatapiga kelele, yatakatika.
Likate jani. Kipande cha katikati kirudishe chini ya skrubu.
Vya ncha virudishe kwenye ncha.
Havitabeba kitu.
Vitakaa tu mahali pao."

Nilikata kwa msumeno wa mkono, jioni mbili.
Chuma cha baba hakikuwa na haraka.
Kila kipande nikakipaka grisi mpya,
nikakirudisha palepale kilipolala miaka yote,
na sikuongea, na Tshinyama akajifanya anatafuta spana.

Jumapili iliyofuata pua ilishuka penye shimo, ikapanda,
kama mtu anayeitikia hadithi anayoijua.
Kwenye daraja la Kafubu niligeuka kumuuliza mama.
Alikuwa amesinzia, ndoo mapajani, mdomo wazi,
na vumbi jekundu likimtua taratibu kwenye kitambaa.
Sikumwamsha. Nilizunguka shamba mara mbili.

Koili ziko chini ya kitanda changu. Siuzi.
Vile vipande virefu vilivyobaki
mama amevichomeka bustanini, nyuma ya jiko.
Vimeshikilia nyanya.